Kasi na Usahihi wa Kuzalisha Jozi za Funguo: Mazingatio kwa Vituo vya Mpaka vya Busia na Malaba

Utangulizi
Katika Kituo cha Pamoja cha Mpaka cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na vilevile Malaba wilayani Tororo, wasafiri hukaguliwa upande wa nchi wanayoingia. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki imeundwa ihakikiwe kwa jozi ya funguo: nchi iliyoitoa hutia sahihi data zake kwa ufunguo wa siri, na nchi nyingine huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi. Neno sahihi lina maana mbili: saini, na kisicho na kosa. Makala haya yanadai kwamba maana hizo zisichanganywe katika sera, kwani ufunguo mbovu waweza kutoa saini inayokubalika.

Kipimo cha kasi
Katika mfumo wa RSA, ufunguo wa biti 2048 hutokana na namba tasa mbili za biti 1024. Katika ukubwa huo, takriban namba witiri 1 kati ya 355 ndiyo tasa. Kwa kuwa kompyuta huzitafuta kwa nasibu, muda hutofautiana baina ya jozi na jozi. Basi jaribio moja halitoshi. Sharti zizalishwe jozi nyingi, kisha uripotiwe muda wa kati na muda mrefu zaidi.

Kipimo cha usahihi
Hatua ya kwanza ni kutia saini kwa ufunguo mmoja na kuihakiki kwa wa pili. Hatua hiyo pekee hupotosha. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba programu ya vichipu vya Infineon iliharakisha utafutaji wa namba tasa kwa kuzichagua kwa mpangilio maalumu. Funguo zililingana, lakini ule wa siri uliweza kukokotolewa kutokana na ule wa wazi. Estonia ililazimika kusitisha vyeti vya kadi za utambulisho zipatazo 760,000. Awali, kati ya 2006 na 2008, kasoro katika Debian ilibakiza funguo 32,768 tu zinazowezekana kwa kila ukubwa na aina ya kompyuta.

Hitimisho
Zabuni za mifumo ya mpakani zitaje vipimo vitatu kwa majina tofauti: ulinganifu, kutotabirika na kasi. Kasi ipimwe mwisho, baada ya viwili vya kwanza kufaulu.