Karkade, Magadi na Wiski: Kemia ya Glasi Moja Turkana

Anayetaka kuchanganya kokteli ya wiski nyumbani kwake Lodwar hana haja ya kuagiza maua Nairobi. Kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi iko Kakuma, na Kakuma ni mji wa viungo. Kambi ya wakimbizi ya huko ilipofunguliwa mwaka 1992 wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa vijana kutoka Sudan, ambako karkade, yaani maua mekundu ya hibiskasi yaliyolowekwa, ni kinywaji cha kila siku. Wasomali wana chai yao ya iliki, mdalasini na karafuu. Waethiopia wana kahawa, na wengine huitia majani yenye harufu kali yaitwayo tena adam. Maua na majani yapo, basi. Kinachoharibu kokteli huku ni maji.

Maji mengi ya visima vya Turkana yamepita kwenye miamba ya volkano, yakabeba bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharagwe. Ziwa Turkana lenyewe lina pH inayozidi 9. Sasa, wekundu wa karkade unatokana na anthosianini, molekuli zinazobadili umbo, na kwa hiyo rangi, kadiri asidi inavyopanda au kushuka. Asidi ikiwa kali huwa nyekundu ya damu. Ikipungua, zambarau. Magadi yakishinda, kinywaji huwa na ubuluu uliofifia, kisha ukijani. Ua lina asidi yake, lakini ukitia maua machache kwenye maji mengi ya kisima, asidi hiyo humezwa na ladha inabaki bapa.

Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha. Bikaboneti ikipata moto hupoteza kaboni dioksidi na kugeuka kaboneti, ambayo ina nguvu zaidi dhidi ya asidi. Tena baadhi ya visima vya Kakuma vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na floridi haiondoki kwa moto: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kwa hiyo tumia maji yaliyosafishwa, tia konzi mbili za karkade kwa lita, uache usiku kucha kwenye friji bila kuyaweka motoni. Joto huvunja anthosianini, baridi huzitunza. Asubuhi chuja, kamulia ndimu, na utaona wekundu ukiwaka papo hapo.

Maji huchukua rangi na uchachu wa ua, lakini harufu ya viungo huyashinda, kwa sababu inakaa kwenye mafuta. Hapo ndipo wiski inapofanya kazi. Molekuli ya ethanoli ina upande unaopatana na maji na upande unaopatana na mafuta, na wiski ina angalau asilimia 40 ya ethanoli. Ponda punje tatu za iliki, uzitie kwenye nusu kikombe cha wiski, ufunike. Baada ya saa chache sineoli, ile harufu ya ubaridi inayopanda puani, imehamia. Ukitia mdalasini pia, utoe mapema, maana ukikaa sana hutoa tanini na kinywaji huwa kikakasi.

Kuongeza maji nako kuna sayansi yake. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, waliiga wiski ndani ya kompyuta wakachunguza gwayakoli, molekuli inayotoa harufu ya moshi. Ethanoli ikiwa hadi asilimia 45, gwayakoli hujikusanya juu, karibu na pua ya mnywaji. Ikipita 59, huzama. Molekuli hiyo huzaliwa kuni zinapoungua, na mfugaji anayefukiza kibuyu cha maziwa huipata pia. Kwa maoni yangu wiski yenye moshi mzito hugombana na karkade, chagua nyepesi.

Kipimo ni hiki: mililita 50 za wiski hiyo ya iliki, kiasi hicho hicho cha karkade baridi, kijiko cha sharubati ya sukari. Barafu iwe ya vipande vikubwa. Kuishusha wiski hiyo kutoka nyuzi 35, joto la kawaida la mchana Lodwar, hadi karibu na sifuri huyeyusha takriban gramu 20 za barafu, na maji hayo yote yanabaki kwenye glasi. Kwa joto la Lodwar kunywa maji pembeni, kwani pombe huzuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji mwilini.

Asiyekunywa pombe achemshe iliki ndani ya sharubati ya sukari, sufuria ikiwa imefunikwa ili harufu isipotee na mvuke, kisha aichanganye na karkade. Na anayekunywa asiweke chang'aa mahali pa wiski. Chang'aa inaweza kuwa na methanoli, ambayo haitofautiki na ethanoli kwa ulimi wala pua, nayo hupofusha na kuua; iliki na ua zuri vitaficha hata kile kidogo ambacho kingekushtua.