Trekta Ipi Yafaa Shamba Lako?

Mkulima, kabla hujatoa fedha yako yakupasa kujiuliza maswali matatu. Shamba lako ni kubwa kiasi gani? Udongo wake ni wa namna gani? Na yule utakayempandisha juu ya trekta, atarudi nyumbani salama? Tuzitazame trekta tatu zilizotengenezwa Uingereza baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, kwani kila moja ina la kutufundisha.

1. Fordson Major E27N (1945 hadi 1952). Hii ilitengenezwa Dagenham. Huwashwa kwa petroli, na injini ikipata moto huendeshwa kwa mafuta ya taa. Uzito wake huisaidia kuvuta plau katika udongo mgumu. Lakini uzito huo huo huushindilia udongo uliolowa, hata mizizi isiweze kupenya.

2. Field Marshall (1945 hadi 1957). Injini yake ni ya dizeli, yenye silinda moja tu, na nguvu za farasi 40 hivi. Kwa kuwa vyombo vyake ni vichache, vya kuharibika navyo ni vichache. Hufaa sana kuzungusha mashine ya kupura nafaka kwa mkanda. Kwa shamba dogo ni kubwa mno.

3. Ferguson TE20 (1946 hadi 1956). Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 mjini Coventry. Uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Plau yake haikokotwi nyuma kama gari. Imeshikwa kwa mikono mitatu ya chuma, tena huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa. Plau ikizama, mzigo wake huyakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Ndiyo sababu trekta nyepesi hulima kama nzito.

Jihadhari na hatari hii. Trekta ikokotayo plau iliyokwama kisikini yaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva kwa nyuma. Wengi wamekufa hivyo. Katika Ferguson, mkono wa juu husukuma mbele na kuyashikilia magurudumu ya mbele chini. Walakini usijidanganye: ukifunga mnyororo juu ya ekseli ili kung'oa kisiki, hata Ferguson itapinduka. Funga chini ya ekseli siku zote.

Tena kumbuka mambo ya Kongwa. Mradi wa karanga ulianza mwaka 1947 kwa mitambo mikubwa, ukaachwa mwaka 1951, kwa sababu mvua zilikuwa haba na udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Nguvu ya chuma haikuleta mvua.

Basi, ikiwa ekari zako ni chache, maksai wawili waliofunzwa vema, au trekta ya kukodi pamoja na jirani zako, vitakufaa kuliko deni. Pima shamba kwanza, ndipo uchague chombo.