Kompyuta ya Kliniki Inapougua: Funzo kutoka kwa Wanaojitolea wa Linux

Umeme umekatika usiku kucha katika kituo cha afya, ukarejea alfajiri. Saa mbili asubuhi mhudumu wa mapokezi anawasha kompyuta, nayo inawaka kama kawaida. Anapojaribu kuufungua mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kivinjari kinakataa. Kinadai kwamba cheti cha usalama cha seva bado hakijaanza kutumika. Wagonjwa wameshajaa kwenye mabenchi. Anaitwa kijana anayesifika kwa kujua kompyuta, naye anatoa ushauri ambao hutolewa mara nyingi mno: futa kila kitu, simika mfumo upya.

Mfano huu ni wa kubuni, ila hitilafu yenyewe ni ya kweli na chanzo chake ni kidogo mno. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ya mviringo yenye umbo la sarafu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuifanya saa ya mashine iendelee kutembea wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, pengine kwa miaka kadhaa. Cheti kilichotolewa mwaka huu huonekana kuwa ni cha siku zijazo machoni pa mashine inayodhani kwamba bado ni zamani. Tiba ni betri mpya, kurekebisha saa, na dakika chache za subira. Kusimika mfumo upya hakuponyi kitu. Kunaweza tu kufuta kumbukumbu zilizokuwa ndani ya kompyuta hiyo zikisubiri kupelekwa kwenye seva.

Hatari ingekuwa kubwa zaidi kama mfumo ungefunguka bila kulalamika. Mgonjwa aliyechukua dawa za kufubaza VVU asubuhi hiyo angeandikwa kuwa alizichukua miaka iliyopita. Tarehe yake ya kurudi ingekokotolewa vibaya, na katika orodha angehesabiwa miongoni mwa waliopotea katika matibabu. Kosa la saa lingekuwa kosa la tiba.

Kati ya ushauri wa kufuta na ushauri wa kubadili betri kuna tofauti ambayo kila tabibu anaifahamu: mmoja umetibu kabla ya kuuliza, mwingine umeuliza kabla ya kutibu. Utamaduni huu wa kuuliza kwanza ndio uliojengwa kwa zaidi ya miaka 30 na vikundi vya watumiaji wa Linux, ambamo watu husaidiana bila malipo kuzitibu kompyuta zilizogoma.

Mfumo usio na mwenye nyumba mmoja

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipoitangaza kazi yake na kuwakaribisha wengine waijaribu. Kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuwapa watu programu ambazo kila mtumiaji ana haki ya kuzitumia, kuzisoma ndani, kuzibadilisha na kuwagawia wenzake. Linux ilichukua leseni ya mradi huo, na viwili hivyo vikafanya kazi pamoja. Programu za namna hii huitwa programu huria.

Uhuru huo una upande wake mgumu. Mtu anayepakua Linux bila malipo hana mkataba na yeyote, wala hana namba ya simu ambayo mwenye nayo analazimika kuipokea. Zipo kampuni zinazouza huduma ya msaada, lakini watumiaji wengi wa mwanzo hawakuwa na fedha za kuilipia. Kwa hiyo, katika miaka ya 1990, walianza kukutana katika madarasa ya vyuo, maktaba na kumbi za kukodi. Mgeni alibeba kompyuta yake na kuiweka mezani. Mwenyeji alikaa naye mpaka iwake. Aliyesaidiwa mwezi huu alitarajiwa kumsaidia mwingine mwezi ujao. Vikundi vya namna hiyo vilienea katika nchi nyingi, na baadaye mazungumzo yao yakahamia pia kwenye intaneti, ambako swali linaloulizwa Bujumbura linaweza kujibiwa na mtu aliyeko Brazil.

Eldoret ilivyoingia katika historia hii

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2001, katika Kituo cha Afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutumia mfumo mdogo wa kompyuta kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa nje. Huduma za VVU zilipopanuka, mfumo huo ulizidiwa. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya kubuni mfumo mpya ulioitwa OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kutumika katika mpango wa AMPATH huko Eldoret. Mwaka huohuo ulifika Rwinkwavu nchini Rwanda.

OpenMRS ni programu huria, na inaweza kuendeshwa juu ya Linux bila gharama ya leseni. Hiyo si hoja ndogo kwa kituo ambacho fedha ya leseni ingeweza kununua vitendanishi vya maabara. Lakini kituo kinachoipokea programu bila malipo kinapokea pia desturi za walioitengeneza. Hitilafu inapojitokeza, msaada wa kwanza mara nyingi hutoka kwa watu wanaojitolea, na watu hao wana namna yao ya kupokea mgonjwa.

Historia kwanza, dawa baadaye

Mtaalamu anayejitolea hawezi kuigusa mashine iliyo mbali naye. Anategemea maelezo, kama tabibu anayeshauriana kwa simu na zahanati ya mbali. Ndiyo maana maswali yake hufuata mpangilio ambao mhudumu wa afya atautambua mara moja.

Kwanza ni historia. Tatizo limeanza lini? Nini kilibadilika kabla halijaanza: umeme ulikatika, programu mpya ilisimikwa, kebo ilihamishwa? Kompyuta nyingine katika jengo hilo zina tatizo hilohilo? Swali la mwisho peke yake hutenganisha ugonjwa wa mashine moja na ugonjwa wa seva au wa mtandao mzima.

Pili ni dalili, kama zilivyo, bila tafsiri. “Mtandao umeharibika” ni tafsiri ya mgonjwa. “Kivinjari kinasema cheti hakijaanza kutumika” ni dalili. Ujumbe wa hitilafu unakiliwe neno kwa neno, hata kama uko katika lugha ambayo mhudumu haielewi vizuri, kwa kuwa neno moja linaloachwa linaweza kuwa ndilo lenye jibu.

Tatu ni vipimo. Linux ina amri fupi zinazoangalia hali ya mashine bila kubadilisha chochote, mfano wa kupima joto na shinikizo la damu. Amri ya date huonyesha tarehe na saa ambayo mashine inaiamini. Amri ya df -h huonyesha diski imejaa kiasi gani. Diski iliyojaa pomoni inaweza kuisimamisha hifadhidata ya wagonjwa ingawa hakuna kilichovunjika. Amri ya free -h huonyesha kumbukumbu ya muda iliyobaki, na journalctl husoma shajara ambamo mashine huandika yanayoipata. Katika kisa cha mapokezi, kipimo cha kwanza kati ya hivyo kingetosha.

Nne ni tiba moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata akipona, hajui kilichomponya, na ugonjwa ukirudi ataanza upya. Kila hatua iandikwe, pamoja na iliyoshindwa.

Ficha mgonjwa, usifiche ugonjwa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Jumuiya za programu huria zimeishi kwa msemo huo bila kuujua. Debian, mojawapo ya matoleo makongwe ya Linux, lililoanzishwa mwaka 1993, lina ahadi ya maandishi kwa watumiaji wake, na moja ya vipengele vyake ni kwamba kasoro hazitafichwa: orodha ya hitilafu zilizoripotiwa iko wazi kwa kila mtu. Hospitali inayojadili vifo vya uzazi kwa uwazi, ili visijirudie, inaelewa kwa nini.

Lakini hapa ndipo mhudumu wa afya anapotofautiana na mtumiaji mwingine yeyote wa Linux, na ndipo makosa mabaya zaidi hutokea bila nia mbaya. Kompyuta imegoma, foleni ni ndefu, mhudumu anapiga picha ya skrini kwa simu na kuituma kwenye kikundi cha watu mamia kadhaa. Picha inaonyesha ujumbe wa hitilafu. Inaonyesha pia majina kumi ya wagonjwa, umri wao, vijiji vyao na dawa wanazotumia. Hitilafu itatibiwa jioni hiyo. Picha itabaki katika simu za watu asiowajua. Kwa mama ambaye hajamweleza mumewe kuhusu hali yake, picha moja inatosha kuvunja nyumba.

Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kale wa taaluma, na sasa ina ulinzi wa sheria: Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kanuni ya vitendo ni nyepesi. Nakili maneno ya ujumbe wa hitilafu badala ya kupiga picha. Picha ikiwa ya lazima, fungua kwanza ukurasa usio na taarifa za mgonjwa, au tumia mgonjwa wa majaribio asiye mtu halisi. Soma shajara ya mashine mstari kwa mstari kabla ya kuituma, kwa kuwa humo pia mnaweza kuwa na majina na hata nywila. Kamwe mgeni asipewe nywila ya seva, hata awe mkarimu kiasi gani.

Ombi zuri, basi, linaweza kuwa hivi: “Kompyuta ya mezani, Ubuntu 22.04. Umeme ulikatika jana usiku. Tangu asubuhi kivinjari kinasema cheti cha seva hakijaanza kutumika. Kompyuta nyingine mbili ziko sawa. Amri ya date inaonyesha mwaka uliopita. Sijabadilisha chochote.” Hakuna jina la mgonjwa wala la kituo, lakini anayejua atamjibu kwa mstari mmoja.

Mipaka ya hisani

Anayejitolea ana kazi yake, familia yake na usingizi wake. Jibu linaweza kuja baada ya dakika tano, baada ya siku mbili, au lisije. Kituo cha afya hakiwezi kuijenga huduma yake juu ya hisani hiyo peke yake. Panahitajika mtu mmoja, walau wa ngazi ya wilaya, ambaye wajibu wa mashine uko mikononi mwake kwa maandishi. Vikundi vya kujitolea viwe washauri wake, visiwe mbadala wake.

Wala si kila ushauri ni salama. Zipo amri za Linux ambazo hufuta diski nzima bila kuuliza mara mbili. Kuandika amri usiyoielewa, kwa sababu tu mtu ameituma, ni sawa na kumeza kidonge kilichotolewa na jirani. Muulize mshauri: amri hii inafanya nini, na naweza kurudi nyuma nikikosea? Mshauri mwema hachukizwi na swali hilo.

Kinga kuu ni nakala rudufu. Desturi iliyokubalika ni kuwa na nakala tatu za kumbukumbu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe. Wakati mashine imelala, rejista ya karatasi iendelee kujazwa, ili mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu ya betri.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Atunze kadi yake ya kliniki, asome tarehe iliyoandikwa kabla ya kuondoka dirishani, na aulize ikiwa haileti maana. Mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba saa ya kompyuta imepotea. Ana haki pia ya kuuliza ni nani anayeziona taarifa zake.

Linabaki deni moja. Tatizo likishatatuliwa, aliyesaidiwa arudi kikundini na kuandika: ilikuwa betri, imebadilishwa, mfumo umefunguka. Maneno hayo machache hayamgharimu kitu. Lakini mahali pengine, asubuhi nyingine baada ya umeme kukatika, mhudumu mwingine atakuwa anatafuta jibu huku wagonjwa wakimsubiri, na kijana aliye kando yake ameshika kifaa cha kusimika mfumo upya.