Kioo cha pembe

Injini haijawahi kuninyima usingizi. Land Cruiser BJ42 ya mwaka 1982 ninayoifufua hapa Mutoyi, Gitega, nchini Burundi, ina injini ya 3B, dizeli ya silinda 4, lita 3.4, na injini hiyohiyo Toyota iliifunga kwenye malori madogo ya Dyna. Ringi, pistoni, gasketi: ukishuka Bujumbura mtaa wa Buyenzi asubuhi, mchana unapanda navyo mlimani. Kinachonisumbua ni vile ambavyo Dyna haina. Shoo ya mbele, bawaba, mipira ya milango, na kuliko vyote, kioo cha pembe ya nyuma.

Kioo cha mbele cha gari hili ni bapa, na vya milango ni bapa pia, kwa hiyo fundi vioo mwenye kioo kinachofaa anapima, anakata, mnaagana. Lakini bodi yenye paa la chuma ina vioo viwili vya nyuma vilivyopinda kufuata kona ya gari. Kioo cha namna hiyo hupindwa kwa moto kikiwa kiwandani; hakikatwi barazani. Changu cha kushoto kimezibwa kwa bati, na mvua ya Gitega inajua njia.

Wenzangu hapa Mutoyi wanashughulika na mayai na vifaranga vya kooperative, biashara yenye faida. Mimi nauliza habari za magari yaliyokufa.

Land Cruiser za familia ya 40 zilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Anayezitafuta leo angedhani Tanzania ndiko kwenye neema, maana iko jirani na madereva wa malori wanaingia kila siku kupitia mpaka wa Kobero, kule Muyinga. Kweli, ukimpa dereva mwaminifu picha na namba ya kipuri, atakuulizia Gerezani, Dar es Salaam. Tatizo ni upande. Tanzania, Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, usukani uko kulia. Sisi, kama Rwanda na Kongo, tunaendesha kulia, na gari langu lina usukani kushoto. Mlango, kioo na bampa haviulizi upande. Ila boksi la usukani, dashibodi, pedali na mikono ya waipa vya gari la Tanzania havitanifaa. Hata taa kubwa zina hila zake: ya kule imechongwa imulike ukingo wa kushoto, ukiifunga huku unampofusha anayekuja. Kigali ingenifaa zaidi, lakini mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024.

Kwa hiyo namba ndiyo dira. Namba ya kipuri cha Toyota kwa kawaida ni tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza zinataja kitu chenyewe: kinachoanza na 4 ni mambo ya ekseli, breki na usukani; 5 na 6 ni bodi; 8 ni umeme. Zikianza na 90, furahi, maana hizo ni bolti, sili na bearing za jumla ambazo huenda zimo hata kwenye Corolla ya teksi. Baada ya kistari, 60 mara nyingi inamaanisha Land Cruiser. Dalali akiniletea kitu chenye 35 hapo najua amekitoa kwenye Hilux, na ninamwambia kwa upole.

Alama nayo inasema umri. Nembo ya duara tatu zenye umbo la yai ilianza 1989. Kabla ya hapo vipuri vingi vilipigwa chapa inayosomeka kama TEQ, na kwenye kioo cha taa mara nyingi utaona jina Koito. Kipuri chenye nembo mpya kinaweza kuwa halali kabisa, kimetengenezwa baadaye tu. Ila muuzaji akiapa kwamba kilitoka kwenye gari la 1982, mwache aape.

Buyenzi walinionyesha shoo ya mviringo, nzuri, isiyo na kutu. "Mzee, hii ndiyo orijino, Wazungu wanaililia." Ni kweli wanaililia, lakini ni ya magari yaliyotangulia. Kuanzia 1979 taa zilizungukwa na fremu za pembe nne, na yangu ni ya 1982. Sikuinunua. Kuvalisha gari sura ya kaka yake mkubwa naona ni uongo wa bei ghali.

Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kwamba itatengeneza upya baadhi ya vipuri vya Land Cruiser 40. Habari njema, ingawa kwa jinsi fedha za kigeni zilivyoadimika kwetu, kuagiza ni safari nyingine.

Wala mimi si mtumwa wa ukale. Mipira ya breki, matairi na mikanda nanunua vipya bila kuangalia chapa ya enzi. Mpira wa miaka arobaini kwenye miteremko ya kwetu ni jeneza. Kibati cha namba ndani ya boneti, namba ya chesisi, shoo na vioo ndivyo ninavyovitaka vya asili, hata vikiwa na makovu.

Washindani wangu wakubwa si wakusanyaji matajiri. Ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Wao hupima bodi kwa kilo, na kioo hakina bei kwenye mizani yao, hivyo hukivunja kwanza ili chuma kitoke kirahisi. Siku hizi nikisikia gari bovu linauzwa, kwa padri au kwa mjane, naomba jambo moja kabla ya bei: wasiruhusu nyundo iguse nyuma mpaka nifike.