Nyoka Aliyekaribishwa kwa Maziwa

Wasomaji, tukisikia habari za mizuka huingiwa na hofu. Lakini Wamasai wa zamani katika Bonde la Ufa walikuwa na mzuka wa mnyama aliyekuwa rafiki.

Bwana A. C. Hollis aliieleza imani hiyo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1905. Ilisemwa kwamba laiboni au tajiri akifa na kuzikwa, roho yake hugeuka nyoka, naye huenda bomani kwa watoto wake ili awalinde. Mwanamke akimwona nyumbani hakumpiga, bali alimwaga maziwa chini. Nyoka aliyalamba, kisha akaenda zake.

Mwaka 1904, kwa mkataba na Serikali ya Kiingereza, Wamasai wa pande za Nakuru na Naivasha walihamishwa kwenda Laikipia na kusini, nchi yao ikapewa walowezi. Ng'ombe waliswagwa wakaenda, makaburi yakabaki. Je, ni nani angewamwagia maziwa wazee wale?

Siwaambii wasomaji wakaribishe vifutu nyumbani. Lakini kumbukeni: nyoka yule hakusemwa kulinda kaburi. Alisemwa kuwafuata watoto, popote lilipo boma lao.