Lugha Mbili Katika Hati Moja: Mabamba ya Shaba ya Kugawia Ardhi Katika Bara Hindi

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kazi ilivyogawanywa baina ya lugha mbili katika hati za kugawia ardhi zilizochongwa juu ya mabamba ya shaba huko Bara Hindi, hususa zile za nasaba za Pallava na Chola za kusini. Wanahistoria wamezitumia sana hati hizo. Mwaka 1965 R. S. Sharma alizifanya msingi wa hoja yake kuhusu ukabaila, kwamba wafalme walijipunguzia mamlaka kwa kuwapa Mabrahmani na mahekalu vijiji pamoja na kodi zake. Mwaka 1981 Harbans Mukhia alimpinga. Katika mjadala huo hati huchimbwa kama mgodi wa habari, na mara nyingi lugha iliyobeba habari hizo huachwa kando.

Hati ya namna hii ni bamba moja au mengi, yaliyotobolewa na kutungwa katika pete ya shaba, na ncha za pete hiyo kufungwa kwa muhuri wa mfalme. Muhuri wa Pallava ulikuwa na fahali. Wa Chola ulikuwa na chui-milia, pamoja na samaki wawili na upinde, alama za mahasimu wao Pandya na Chera.

Hati za kwanza za Pallava, za karne ya 4, ziliandikwa kwa Kiprakriti. Kisha Kisanskriti kilishika nafasi hiyo, na tangu karne ya 6 Kitamili kikaingia ubavuni mwake. Hakikuingia kama tafsiri. Anayetarajia kukuta maneno yale yale yamesemwa mara mbili atashangaa, kwani sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja, wala haziandikwi kwa hati moja: Kisanskriti kiliandikwa kwa herufi za Grantha, na Kitamili kwa herufi zake.

Mfano ulio bora ni mabamba makubwa yaitwayo ya Leiden, kwa jina la mji wa Uholanzi yalikopelekwa. Yako 21. Yanahusu kijiji cha Anaimangalam, ambacho Rajaraja wa Kwanza alikitoa, mnamo mwaka 1006, kwa makao ya watawa wa Kibudha yaliyojengwa Nagapattinam kwa jina la mfalme wa Srivijaya. Mabamba 5 ni ya Kisanskriti, na humo ukoo wa Chola unapandishwa hadi kwenye jua na ushindi wa wafalme kusifiwa kwa ushairi. Mabamba 16 ni ya Kitamili. Hapo ndipo panapotajwa ukubwa wa ardhi, zaidi ya veli 97, na kodi yake ya mpunga, zaidi ya kalam 8,900.

Kitamili hicho ni lugha ya watu waliotembea juu ya ardhi wanayoitaja. Amri ya mfalme ilitamkwa kwa kinywa, ikaandikwa katika jani la mtende, ikapelekwa kwa wakuu wa wilaya, nao wakaipokea na kuiweka vichwani mwao kwa heshima. Kisha tembe wa tembo, yaani tembo jike, alizungushwa mipakani, na mahali alipopita pakasimikwa mawe na kupandwa miti ya utomvu mweupe mfano wa mnyaa. Mipaka husomwa upande kwa upande, kwa mfereji, kwa bwawa, kwa shamba la fulani. Hati kadhaa za Kitamili hujumlisha ardhi yote kwa kusema popote kenge akimbiapo na kobe atambaapo, na ni vigumu kuona ni ushairi gani wa kasri ungeweza kulisema jambo hilo vizuri zaidi. Mwishoni huja wenyeji wa vijiji jirani, mmoja baada ya mwingine, wakitia sahihi.

Sheldon Pollock, katika kitabu chake cha 2006, ameuona mgawanyo huu kuwa kanuni: Kisanskriti hutukuza, lugha ya wenyeji huandikisha mambo. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, lakini isichukuliwe kuwa kipimo cha uwezo wa lugha. Katika maandishi ya mawe ya Rajaraja huyo huyo, sifa za mfalme zimetungwa kwa Kitamili. Lililogawanya lugha katika mabamba ni wasikilizaji. Ukoo wa jua ulielekezwa kwa wafalme wengine na kwa vizazi vijavyo. Mpaka wa shamba ulielekezwa kwa yule ambaye kesho angeweza kuukana.

Na ulikanwa. Kaskazini, ambako Kisanskriti peke yake kilibeba sifa na mipaka pia, bamba la Madhuban la mfalme Harsha, la mwaka 631 hivi, laeleza kwamba Brahmani mmoja, Vamarathya, alikuwa amekikalia kijiji cha Somakundaka kwa hati ya kughushi. Harsha aliamuru bamba hilo livunjwe, akawapa kijiji Mabrahmani wengine wawili. Wanakijiji wametajwa katika hati hiyo mpya kama watu wa kuarifiwa na kuamriwa kulipa. Hakuna mkulima hata mmoja anayeshuhudia mpaka uko wapi.