Udongo Usioshindiliwa

Ndugu askari, sisi tuliochimba mahandaki twajua: udongo uliomwagwa bila kushindiliwa hunywa maji ukawa uji. Huko Hong Kong jambo hilo lilileta msiba. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya mvua kubwa, ukingo wa kifusi uliporomoka Sau Mau Ping, wakafa watu 71. Usiku huohuo mteremko wa Po Shan Road ukaua 67. Agosti 1976 Sau Mau Ping ikaporomoka tena, wakafa 18. Wachunguzi walikuta kifusi kilegevu, wakashauri mita 3 za juu zichimbwe na kushindiliwa upya. Ndipo mwaka 1977 ikaundwa idara ya kukagua miteremko na ujazaji wa ardhi. Miaka mitano, twaona, ilikuwa mingi mno.